Picha ya Thelathini na Saba

Nyinyi wa pale kwa kinyozi mmenisumbua tangu nirudi. Nikipita tu, "Kameraman, ulipotelea wapi siku zote hizo? Umeoa tena?" Nikianza kueleza, mmoja anaingiza yake, mwingine anacheka, chai inaletwa, na hadithi inakatikia Njoro. Sasa nimeiandika. Anayejua kusoma asome, asiyejua asomewe. Mimi mwenyewe shule niliiacha darasa la nne, na leo kutoka Bahati hadi Elburgon niambieni ni bibi harusi gani hajasikia habari zangu.

Kwanza mjue kitu kimoja. Mimi sipangi watu. Kazi nilianza kwa kubeba mizigo ya wale wanaopanda Longonot, na mteja mmoja akaniachia kamera yake ya zamani alipokuwa akirudi kwao. Kwa hivyo harusi naipiga vile mlima unavyopandwa. Nafika siku moja kabla, nalala kwa hema yangu nyuma ya boma, naamka na wapishi, natembea na watu kwa miguu, na picha inanikuta njiani. Wenzangu wana studio zenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji. Mimi huwapeleka watu kwa maporomoko yenyewe, walowe. Harusi ni mlima, na mlima hauambiwi usimame vizuri.

Basi siku moja mwezi wa kumi dereva wa lori la mboga akasimama mlangoni kwangu, injini inanguruma.

"Wewe ndiye yule kameraman aliyemenyeshwa waru, viazi vya harusi?"

"Ndiye mimi."

"Nyambura wa Kuresoi anauliza kama uko na picha ya mama yake. Hata moja. Nyumba iliungua na albamu ndani, na mama aliaga mwezi wa pili, kifua."

"Yeye yuko wapi?"

"Nilipewa hiyo salamu sokoni na mtu aliyepewa na mtu. Nafikiri wamerudi Kuresoi." Akaenda.

Harusi ya Nyambura na Karanja niliipiga Agosti ya mwaka jana, 2007, kabla ya uchaguzi, kabla mambo hayajaharibika na watu kuchomeana nyumba. Filamu sita. Nikakaa dirishani na negativu zote, moja baada ya nyingine, kioo cha kukuzia jichoni. Mama mwenye harusi hakai. Nilipata mgongo wake, kitambaa chake, mkono wake ukibeba karai. Uso, hakuna. Hapo nikakumbuka kitu ambacho sikukipenda. Siku ile baada ya kanisa Nyambura aliniomba, "Kameraman, tupange tupige moja na mama." Na mimi, mbele ya watu, nikasema, "Mimi sipangi watu kama kreti za soda." Wakacheka. Mama yake ndiye aliyefunga mjadala: "Mwacheni. Labda hajui kupanga."

Nilitafuta siku mbili. Ya tatu nikaangalia mkia wa filamu ya kwanza. Filamu ni ya picha thelathini na sita, lakini mwenye mkono mwepesi wa kuiingiza hupata moja zaidi, na duka la kusafisha huwa haliichapishi. Hapo mwisho, upande mmoja umeungua rangi ya chungwa, mama alikuwa ananiangalia.

Nikaichapisha kubwa, nikaibana katikati ya mbao mbili nyembamba, nikaifunga kwa plastiki mara tatu, nikaifunga kifuani chini ya shati. Nikatoa baiskeli.

Nakuru hadi Njoro

Mnaijua baiskeli yangu, black mamba, chuma tupu. Mwanamume wa umri wangu anayeipandisha hiyo hadi Molo simjui mwingine. Hema nyuma, sufuria ndogo, kamera shingoni. Niliondoka mapema na hadi jua kuchomoza nilikuwa nimeiacha Nakuru mgongoni.

Njoro mnyororo ukakatika. Fundi alikuwa ameenda posho mill na ufunguo wa kibanda, nikamngoja nusu ya asubuhi na sahani ya githeri. Akaja na unga mabegani, akainua mnyororo kwa kidole.

"Boss, hii ni ya babu yako?"

"Ya babu ya babu yako. Ishike kwa heshima."

Wakati anagonga nilikuwa naangalia barabara. Agosti ile nilikuwa hapa hapa, naendesha, lori la wamama wa harusi likanipita wakiimba. Waliponitambua mmoja akanirushia andazi. Nililidaka kwa mkono mmoja na wa pili uko kwenye kamera, na baiskeli inaenda. Muulizeni yeyote aliyekuwa kwa lile lori. Picha ipo, midomo yote imefunguka. Mwaka huu lori zilizopita zilikuwa za mbao, na dereva hata hakunipigia honi.

Njoro hadi Molo

Mvua. Ya Molo hainyeshi tu, inakaa nawe. Nilijikinga kwa mama anayechoma mahindi, na kwa vile nilikuwa nimekumbatia kifua ili picha isilowe, akaniuliza kama naumwa.

"Nimebeba mathe, mama ya mtu," nikamwambia.

Akaniangalia sana. "Hata mimi wangu nambeba hapo," akasema, akanipa hindi na hakutaka kulipwa.

Nikapiga hema nyuma ya kanisa moja, na asubuhi nikasukuma baiskeli kwenye matope. Sioni haya kusema nilisukuma.

Molo hadi Kuresoi

Hii barabara ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Mwaka jana ilikuwa na njegere za kijani pande zote, na mahindi, na mashamba ya waru yenye maua meupe, na kila kilima mtu anakuita, "Kameraman, karibu chai!" Kabla sijafika nilikuwa nimekunywa vikombe sita. Acheni niwaambie kuhusu hiyo harusi, kwa sababu picha yenyewe ilizaliwa kwa kosa langu.

Siku moja kabla ya kanisa kulikuwa na ile shughuli ya lesso, mnaijua. Wanawake sita wanafunikwa kichwa hadi chini, wanatolewa kwa mstari, na bwana harusi atafute wake. Akikosea, watu wa kwake wanatozwa faini na wamama wanafurahi. Sasa mimi nilikuwa nimelala hapo tangu jana yake. Asubuhi nilikuwa nimemwona Nyambura akifua, na mguu wake wa kushoto una kovu la jembe, limepinda kama mwezi. Wale sita walipotoka, lesso moja ikainuka kidogo. Mimi ni mwindaji. Kamera yangu ikafuata ule mguu yenyewe.

Watu wa Karanja hawakuangalia lesso. Waliangalia kamera. Mmoja akamnong'oneza, na Karanja akaenda moja kwa moja akamshika Nyambura bega.

Wamama wakashika viuno. Mara ya kwanza tu! Mama ya Nyambura akatoka jikoni, mikono imejaa unga.

"Nani ametuuza?"

Vidole vyote vikanigeukia.

"Wewe? Umekula kwangu tangu jana, umeniuzia mtoto kwa jicho moja?" Watu walikuwa wanaanguka kwa kicheko. "Faini yako ni hii. Lile gunia la waru la wageni wa kesho. Kisu hiki hapa."

Hivyo ndivyo nilivyokaa kwa kigoda katikati ya wamama, mwanamume pekee, namenya. Nikimaliza moja, mama ya Nyambura anaichukua, anaiinua juu wote waione.

"Kameraman, unamenya ama unachonga? Ona, waru imeingia kama kichwa, imetoka kama jicho!"

Akacheka, kichwa nyuma, kisu mkononi kimenielekea. Kamera ilikuwa gotini. Niliinyanyua kwa mkono mmoja.

"Usinipige na hii sweta imetoboka!"

"Filamu imeisha, mathe," nikasema. Na kweli namba ilikuwa imefika mwisho. Sikujua.

Sasa nilipofika mwaka huu, nilikuta uwanja ule umeota magugu na katikati kuta mbili nyeusi. Nikasimama na baiskeli. Kitambo kidogo akatokea mzee mmoja, kisha mwingine, kisha jamaa wawili na wake zao. Hawakunisalimia. Waliangalia kamera, wakaondoka haraka. Nikafikiri wameniogopa.

Kumbe walienda kujipanga. Nilipopita njia ile, kila aliyerudi amesimama mbele ya alipochomewa, wima, mikono chini, kofia imetolewa. Walidhani nimetumwa na serikali kuandikisha hasara. Mzee akaniambia, "Anza na hapa, bwana. Hii ilikuwa vyumba vitatu. Na pale, piga na choo, ilikuwa ya mawe."

"Mzee, mimi si wa serikali. Mimi ni wa harusi."

"Wa harusi?" Akageuka akaiangalia nyumba yake. "Basi umechelewa."

Lakini hakutoka pale aliposimama. Sijui mngefanya nini. Mimi niliinua kamera nikampiga, na choo nikapiga. Chini ya roho yangu niliona hawa walinihitaji niwapange, na kupanga sijui.

Nyambura hakuwa amerudi. Aliyeniambia ni Mama Chebet, jirani wa ng'ambo ya ua, ambaye nyumba yake haikuguswa kwa vile kabila lake si la waliofukuzwa. Harusi ile ndiye alikuwa mkono wa kuume wa mama. Alinitambua, akaniita ndani, akanipa mursik, maziwa ya mgando.

"Wako Naivasha, kwa mashamba ya maua. Karagita," akasema. Kisha akatoka, akarudi akiburuta gunia nusu. "Mpelekee Nyambura hizi waru. Shamba lao mimi ndio nalima. Nilisema lisilale."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie mbegu ni yangu, udongo ni wa mama yake." Akafunga mdomo wa gunia mwenyewe, akalikaza sana, fundo juu ya fundo. "Mwambie akitaka kurudi nitamwachia hata kesho. Na asipotaka kunijibu, asinijibu."

Kuresoi hadi Gilgil

Kushuka na waru nyuma ni kazi ya breki na maombi. Nakuru nilipita bila kusimama. Ndiyo, niliwaona pale kwa kinyozi, mmoja wenu alikuwa na povu usoni. Ningesimama mngenishika, na picha ilikuwa imeshapata unyevu pembeni.

Karibu na Gilgil nilipumzika kando ya barabara. Mara mama akaja na ndoo, akapanua tundu la gunia langu bila kuniuliza, akaanza kuchagua kubwa kubwa.

"Ndoo pesa ngapi?"

"Mathe, si za kuuza."

"Kama si za kuuza, unazizungusha zione Gilgil?"

Wakaja na wengine wawili. Wakasema nimezificha ningoje bei ipande, watu wa Nakuru ni hivyo. Mmoja alitaka kuniitia askari. Ilibidi nieleze yote, kutoka lesso hadi kuta nyeusi. Nilipofika kwa "mbegu ni yangu, udongo ni wa mama yake," yule mwenye ndoo akarudisha waru zake moja moja, taratibu, kama anayerudisha mayai. Akaenda kwa meza yake akaleta kabeji.

"Huwezi kupeleka waru bila kitu cha kando," akasema.

Karagita

Karagita mtu hana jina. Ana namba ya mlango. Mabati marefu, vyumba vimefuatana, na mchana hakuna mtu, wote wako kwa maua. "Nyambura gani?" kila niliyemkuta ananiuliza. "Hapa kila mstari uko na Nyambura kumi."

Hema sikuwa na pa kuipiga. Nikakaa karibu na mfereji, pale kwa bomba la maji, nikapiga akili. Mimi si mtu wa kushindwa na namba. Saa kumi wanawake wakaanza kurudi kutoka kazini, wanavua gambuti pale mferejini wanaosha miguu. Nami nikakaa hapo naangalia miguu. Wa kwanza, wa pili, wa kumi.

"Wewe mzee!" mmoja akafoka. "Unatafuta nini kwa miguu yetu?"

"Natafuta wa kushoto, wenye kovu."

Mungu wangu. Gambuti moja ikanikosa sikio. Wengine wakaziinua zao. "Mzee mzima na mvi!" "Na ameleta kabeji!" Nikapiga kelele, "La jembe! Kovu la jembe, kama mwezi! Nilimpiga picha ya harusi!"

Aliyekuwa karibu kunipiga akashusha mkono. "Nyambura wa mlango wa kumi na moja?"

"Huyo."

"Ai, si ungesema jembe mapema. Walihama mwezi uliopita. Mzee wake alipata shamba la kukodi Ndabibi." Akaniangalia juu hadi chini, akacheka. "Miaka yote nimeosha miguu hapa, sijawahi kutafutwa hivyo."

Wakanipa ugali na sukuma, wakaniwekea mkeka kwa ukumbi wa kanisa lao. Nililala nikisikia miguu inauma kote, na mimi huwa siumwi miguu.

Ndabibi

Njia ya Ndabibi inazunguka ziwa, halafu inaliacha, vumbi jeupe, na mbele Eburru imekaa kama ng'ombe aliyelala. Mwaka jana ningesimama mara ishirini nipige. Sikusimama.

Karanja ndiye aliyeniona kwanza, ameinama kwa maharagwe. Alikonda. Akanyoosha mgongo, akaangalia baiskeli, gunia, kabeji.

"Huyu si yule aliyenionyesha bibi?"

"Ndiye. Na sikulipwa hiyo kazi."

Nyambura akatoka mlangoni na mtoto mgongoni. Hakunisalimia. Macho yake yalikuwa kwa kifua changu, pale shati lilipovimba. Nikajua anajua.

Njiani nilikuwa nimepanga maneno. Mnanijua, maneno sikosi. Nilitaka kusema vile nilivyopanda, vile nilivyoshuka, mvua, gambuti. Nikafungua plastiki tatu. Halafu ikanitoka yenyewe: "Ni moja tu. Uliniomba niwapange nikakataa. Ningewapanga, ungekuwa naye amekaa vizuri, na nguo ya harusi. Hii ana sweta imetoboka."

Akachukua ile picha. Akaishika mbali, akaileta karibu. Pembeni ile rangi ya chungwa ilikuwa imekula kiwiko, na unyevu wa Molo umeacha doa chini. Uso ulikuwa mzima. Kichwa nyuma, meno yote, kisu kimenyooshwa.

Nyambura akacheka. Sauti ile ile, niwaambie, ya yule mama, mpaka Karanja akaacha jembe. Kisha akakaa kwa gunia la waru, na kicheko kikageuka kilio bila kukoma.

Tulimwacha. Karanja aliondoa mtoto mgongoni pake polepole.

Baadaye Nyambura akasema, "Huyu mtoto ni wa upande wa kina Karanja. Ana jina la mama yake Karanja." Alimwangalia mtoto. "Msichana wa pili ndiye atakuwa mama yangu, kwa jina lake. Nilikuwa nikilala naogopa. Akija aniulize, 'Nimeitwa nani?' nitamwonyesha nini? Ukuta?" Akafuta uso na lesso. "Sasa nitamwambia, huyu. Mwenye sweta. Alikuwa anamcheka kameraman."

Ndipo nikampa salamu za Mama Chebet, neno kwa neno. Alilifungua gunia mwenyewe, mafundo yote, hakuyakata. Akatoa waru moja, akaikwangua udongo kwa kucha, akanusa kidole. Hakusema atarudi, na hakusema hatarudi. Alileta karai na visu vitatu.

"Menya," akaniambia.

Nikamenya. Waru ya kwanza ilipotoka aliiinua juu mbele ya Karanja, na sikungoja aseme, nikasema mwenyewe, "Imeingia kama kichwa, imetoka kama jicho!"

Tulipomaliza kula jua lilikuwa bado liko juu ya Eburru. Nikaanza kufunga mizigo.

"Kameraman," akasema Nyambura. "Leo utatupanga."

Mnajua ningejibu nini zamani. Nikatoa viti viwili nje, na kigoda. Nikamweka Karanja kushoto, mtoto gotini. Nyambura kulia. Nikaona kola ya Karanja imekunjwa, nikaenda nikainyoosha kwa mkono wangu. Kigoda nikakiweka katikati, na juu yake picha ya mama, imeegemea ubao wake, akicheka. Kikaonekana kifupi mno. Nikaleta lile gunia, nikaliweka chini ya kigoda, mama akainuka hadi mabega yao.

Nilirudi nyuma, nikainama. Na nikasema neno ambalo sijawahi kumwambia mtu wala mlima.

"Msitingisike."

Hawakutingisika.